Anakula mezani, anatapika uani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga, biashara yangu ni madera na vitenge. Pamoja na wanangu namlea binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka 17, yuko kidato cha tano, shule ya bweni. Ananiita mama, na kwangu hana tofauti na niliowazaa.

Aliporudi likizo nilimpokea stendi, nikageuza uso asinione ninavyolia. Alivyoondoka alikuwa binti wa kulijaza dera. Aliyeshuka kwenye basi mabega yamechomoka, shingo imekuwa ndefu. Nikamuuliza, akasema chakula cha shule hakiliki, maharage yana wadudu. Nikamwambia basi sasa uko kwenu, utakula. Nikawa napika: bada na mchuzi wa papa, wali wa nazi, kisamvu, asubuhi mbaazi na maandazi.

Anakula, Shangazi. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Siku nyingine usiku anaamka, anamaliza ukoko na wali wote uliobaki, chapati baridi, mkate mzima. Kisha anaingia uani, anafungulia bomba maji yamwagike kwenye ndoo, anakaa humo. Nilidhani anaoga. Kitinda mimba wangu ndiye aliyenitoa ujinga: "Mama, dada anaingiza kidole anatapika, kila siku."

Na zipo siku hali kabisa, anasema amefunga. Mwanzo ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, nikafurahi, binti ana dini. Sasa anaunganisha tu siku, na magharibi ikifika anafuturu tende moja na maji. Chini ya godoro nimekuta kopo la sanamaki na utepe wa fundi cherehani. Sanamaki sisi humu ndani tunaijua, mtu akifunga choo anachemshiwa kidogo. Yeye anakunywa kila usiku. Nywele zinakatika, mashavu yamevimba kwa chini kama mwenye matubwitubwi, vifundo vya vidole viwili vya mkono wa kulia vina sugu. Hedhi hajaiona kwa miezi. Nilinunua kipimo cha mimba duka la dawa, hana mimba.

Nimezunguka naye zahanati na maduka ya dawa. Hapa wanasema vidonda vya tumbo, pale taifodi, kwingine ni hofu ya mitihani. Kaka yangu anasema ni jini mahaba, na kombe amekunywa. Jirani yangu muuguzi akaninong'oneza kwamba huo ni ugonjwa wa kula, ni mambo ya akili, nimpeleke hospitali ya Bombo. Kusikia akili tu mimi nikaiona Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, mbele yangu, na nikaona na majirani wanavyonong'ona.

Nikimuuliza analia, anasema niko sawa mama. Siku moja alisema bora angekuwa hayupo. Mwenzake wa shule aliyekuja kumtembelea aliniambia kwamba bwenini walikuwa wanamwita "tipa".

Je, ugonjwa huu kweli upo kwetu au ni wa Wazungu? Nimpeleke wapi, na nikifika niseme nini? Nimlazimishe kula? Na shule zikifunguliwa nimrudishe?

Mama wa kulea, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu, pole sana kwa mzigo huo.

Kabla sijakujibu uliyoniuliza, nianze na usiloniuliza. Umeandika kwa kupita tu kwamba binti amesema bora angekuwa hayupo. Leo usiku, watoto wakishalala, kaa naye umuulize kwa maneno yenyewe, bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Usiogope kwamba utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Kuulizwa hakumpi mtu wazo hilo, na wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye yupo aliyeuliza. Akijibu ndiyo, au akanyamaza kwa namna inayokutisha, usimwache peke yake. Ondoa sumu ya panya na dawa zote zilizomo ndani, na umpeleke hospitali usiku huohuo, kitengo cha dharura. Mengine yote niliyoandika hapa chini yatasubiri.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Upo, na dalili ulizoziandika ni kana kwamba umezinakili kutoka kitabu cha madaktari. Kula kwa kufakamia kwa siri kisha kujitapisha, au kutumia dawa za kuharisha, au kufunga ili kufidia kilicholiwa, kunaitwa bulimia. Aliyeueleza ugonjwa huu kwa jina hilo ni daktari wa magonjwa ya akili wa London, Gerald Russell, mwaka 1979, na zile sugu za vidoleni ulizoziona wewe, ambazo ni alama za meno, wenzake waliziita kwa jina lake. Mashavu yanavimba kwa sababu tezi za mate zinachokozwa na kutapika kila mara. Hedhi inakatika kwa sababu mwili usio na akiba hujifungia milango. Bulimia ina ndugu yake, anoreksia, ambao mtu hujinyima chakula hadi anakuwa mifupa na bado akijitazama anaona ni mnene. Huyu wako ana dalili za huku na huku, na uzito umeshuka mno. Kuuita hivi au vile niachie madaktari.

Kuhusu Wazungu, nitakupa kisa kimoja. Visiwani Fiji, huko Bahari ya Pasifiki, katika jimbo ambalo televisheni iliingia mwaka 1995, watafiti waliwauliza wasichana wa sekondari kuhusu kula kwao. Mwaka huo hakuna aliyesema kwamba anajitapisha ili apungue. Waliporudi mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Na Fiji ni watu wanaopenda mwili uliojaa kama sisi. Hapa Tanzania pia waliwahi kuulizwa wanawake na wasichana, utafiti ukachapishwa mwaka 2007, na wenye dalili za matatizo ya ulaji walikutwa. Siku hizi televisheni ni jambo dogo, kwa sababu binti analala na simu. Sisi wa pwani tuna kingine cha kuongezea: mtu akinenepa tunasema amenawiri, akikonda tunanong'ona ana ngoma, yaani UKIMWI. Binti anayesikia nyumbani "kula mwanangu", kwenye simu "punguza tumbo kwa siku saba" na bwenini "tipa", hana pa kusimama. Akajificha uani.

Kwa nini kote mlikopita hamkuambiwa hili? Nina wasiwasi na kitu kimoja, na usinichukie nikikitaja: ulipoulizwa "anaumwa nini?" ulijibu "tumbo". Mtaalamu wa zahanati mwenye foleni ya watu hadi nje, akisikia tumbo na kutapika kwa binti wa miaka 17, atawaza vidonda vya tumbo, atawaza taifodi, atawaza mimba. Habari ya kidole hawezi kuiota, na binti mwenyewe hataisema.

Kwa hiyo utakapofika, sema ulichokiona, na ukiona aibu ya kusema, andika kwenye karatasi umpe daktari mkononi. Kitu kama hiki: "Binti yangu amerudi kutoka shule akiwa amekonda sana. Anakula chakula kingi usiku kisha anajitapisha kwa kidole, karibu kila siku. Anakunywa sanamaki kila usiku. Siku nyingine hali kabisa. Hedhi imekatika, mimba hana. Amesema bora asingekuwepo. Naomba apimwe damu na moyo, na naomba tuonane na watu wa afya ya akili." Hiyo inatosha. Ukishaisoma, mwache binti aongee na daktari peke yake kwa muda, kaa nje. Yapo atakayoyasema ukiwa haupo.

Vipimo vya kuuliza ni hivi. Apimwe uzito na urefu, mapigo ya moyo, presha akiwa amelala kisha akisimama, sukari, na hasa potasiamu kwenye damu, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo, kile cha ECG. Wakitaka kumpima na TB, VVU au tezi ya shingo usikatae wala usikasirike, maana kukonda kuna sababu nyingi na ni haki yao kuziondoa moja moja. Lakini potasiamu usiisahau. Ni madini ambayo moyo unayategemea ili upige kwa mpangilio, na kutapika kunayatoa, kuharisha kunayatoa. Mtu anaweza kuwa anaongea na kucheka na wenzake, kumbe moyo wake uko ukingoni. Akizimia, akisikia moyo unapiga ovyo, akitapika damu, akichuchumaa akashindwa kuinuka bila kushika kitu, hapo usisubiri siku ya kliniki, unakwenda dharura muda huohuo.

Sanamaki niiseme peke yake, kwa sababu nawajua wanawake wazima wa mjini kwetu wanaoinywa kila wiki eti kupunguza mwili. Haipunguzi mwili. Chakula kinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya karibu nguvu yote ya chakula kuwa imeshaingia kwenye damu. Inachotoa ni maji na madini. Ndiyo maana mizani inashuka asubuhi na kupanda jioni, na mtu akiiacha ghafla baada ya muda mrefu miguu hujaa maji siku chache. Mwambie mapema kwamba huo uvimbe si mafuta na utaondoka. La sivyo atauona, atashtuka, atairudia. Na ile mifuko ya "chai ya kupunguza tumbo" inayouzwa mitandaoni, nyingi ndani yake ni sanamaki hiyohiyo yenye bei kubwa.

Uende wapi? Kama mna kadi ya bima ya afya ya jamii, anzia kituo mlichojiandikishia mpewe barua ya rufaa kwenda Bombo, vinginevyo nenda Bombo moja kwa moja mkaanzie wagonjwa wa nje. Mlango ulioandikwa "ugonjwa wa kula" hutauona, usiutafute. Unachotafuta ni watu watatu, na kazi yako ni kuhakikisha wanajuana: daktari wa mwili, kitengo cha afya ya akili na afisa lishe. Huwa kila mmoja anaandika kwenye karatasi yake. Nunua daftari moja, waandike wote humo. Fedha zikigoma, ulizia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ndiye anayeshughulikia msamaha kwa wasioweza kulipa. Kwa maswali kabla hujaondoka nyumbani, namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo, na binti mwenyewe, kwa kuwa hajatimiza 18, anaweza kupiga 116, simu ya watoto.

Lutindi uitoe kichwani. Ni hospitali ya kanisa iliyoko milimani Korogwe tangu enzi za Mjerumani, imewatunza watu ambao familia zao ziliwafunga kamba, na binafsi naiheshimu kuliko wengi wanaoitaja kwa kejeli. Lakini binti yako hapelekwi huko kwa sababu umetaja neno akili. Atapewa tarehe za kliniki, aje, aongee, arudi nyumbani. Wenye ujuzi wa ugonjwa huu hasa ni wachache nchini, sitakudanganya, na huenda ukaambiwa mwende Muhimbili. Hata hivyo mtaalamu yeyote mzuri wa afya ya akili anaweza kuanza naye. Tiba kubwa ya bulimia ni mazungumzo ya mpangilio, wiki kwa wiki: anaandika alichokula, alichokuwa akiwaza kabla ya kutapika, wanakifumua pamoja. Ipo pia dawa, fluoxetine, inayosaidia kupunguza kufakamia na kutapika, ila hiyo huandikwa na daktari, na kwa umri wake wanaangalia kwa makini. Usiinunue dukani.

Mjomba mtu anasema jini. Mwambie habari ya vijana 36 wa Marekani waliojitolea, mwaka 1944 na 1945, kupunguziwa chakula kwa miezi sita pale Minnesota ili wataalamu wajue namna ya kuwatibu walioathiriwa na njaa ya vita. Walikuwa wanaume wazima wenye afya na akili timamu. Njaa ilipowashika wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kununa, kujitenga, kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula, wengine walifakamia hadi wakatapika na bado wakasema wana njaa. Hakuna aliyewaroga. Njaa yenyewe inageuza akili, na binti yako ana njaa ya miezi. Kombe la zafarani halitamdhuru. Mtu atakayempa dawa ya kumtapisha au kumharisha "ili uchafu utoke", au kumchapa, huyo mfunge mlango. Na shekhe wenu mtumie kwa lile ambalo mimi na wewe hatulifikii: amwambie binti, kwa kauli yake, kwamba mgonjwa ameruhusiwa kutofunga hata Ramadhani, imo katika Suratul Baqara, seuze hizi za sunna.

Sasa chakula, maana hapo ndipo kazi yako kubwa ilipo. Usianze kwa kumshindilia. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa sinia la wali ghafla, madini ya damu huporomoka na mtu anaweza kufa, jambo ambalo limewahi kuwapata waliotoka kwenye kambi za vita wakapewa kushiba. Wauguzi wa wodi ya watoto wenye utapiamlo wanalijua vizuri: mtoto huanzishiwa maziwa mepesi ya F-75 kabla ya F-100 yenye nguvu zaidi. Ndiyo maana nimekwambia afisa lishe, akupangie kianzio kulingana na uzito na majibu ya damu.

Mkishapangiwa, mtoe kwenye sinia. Najua ni desturi yetu na ina baraka zake, lakini kwenye sinia hakuna anayejua nani amekula nini. Anamega, anachezea, anasukuma kwa mdogo wake. Mpakulie sahani yake. Milo mitatu na vitu vidogo katikati, saa zilezile kila siku, iwe ndizi, uji wa karanga au kikombe cha maziwa. Mtu anayekula asubuhi na mchana hafakamii sana usiku. Unampakulia wewe, si yeye, na unakaa naye mpaka sahani imalizike, ukizungumza habari za madera, za jirani, za mpira, chochote ila chakula na mwili. Hospitali ya Maudsley kule London walianza kuwatibu vijana wenye anoreksia hivi miaka ya 1980, kwa kuwarudishia wazazi usimamizi wa sahani, badala ya kumlaumu mama. Akigoma husemi "unaniua", husemi "mbona mwenzako anakula". Unasema, "Najua unaogopa, kula, niko hapa," na unabaki umekaa. Itachosha. Mpokezane na mtu mzima mwingine.

Baada ya kula, saa nzima asikae peke yake. Mshirikishe kukunja vitenge, au muangalie tamthilia. Uani asiingie katika muda huo, labda kwa dharura na bomba lisifunguliwe. Kitinda mimba usimfanye mpelelezi, ameshabeba siri kubwa kuliko umri wake, mshukuru na umwambie sasa ni kazi ya wakubwa. Sanamaki, utepe na mizani viondoke ndani, na hili ulifanye mbele yake, si kwa kuiba. Akitapika licha ya yote, asugue meno baadaye, kwanza asukutue kwa maji tu, kwa kuwa asidi imelainisha meno na mswaki unayakwangua.

Na majirani uwawahi. Atakapoanza kupata nafuu, wataingia mlangoni na "Masha Allah, umenenepa! umenawiri!" Kwao ni dua. Yeye atasikia tipa. Waambie wanawake wako wa karibu mapema, wamsifie kazi yake, ususi wake, cheko lake, mwili wauache.

Umeniuliza shule. Zikifunguliwa mwezi wa kwanza asirudi bweni, hata akikuapia kwamba amepona. Bwenini hakuna wa kukaa naye baada ya mlo, na wale wa tipa wapo. Atakaporuhusiwa na kliniki, uzito umepanda na kutapika kumekatika au kumebaki kwa nadra, zungumza na shule kwanza kama anaweza kusoma akitokea kwa ndugu wa karibu na pale, au ahamie ya kutwa hapa mjini. Ikilazimu bweni, awepo matroni anayejua ukweli na atakayekula meza moja naye. Mkuu wa shule hahitaji kuambiwa kila kitu, barua ya hospitali ikisema ana matibabu yanayoendelea inatosha. Ila hakikisha tarehe za kliniki zimeandikwa humohumo kwenye barua, kwa sababu shule nyingi za bweni hazitoi ruhusa kwa maneno ya mzazi kwenye simu.